Nani Ale Kwanza: Cheo cha Kuku wa Uani, Nakivale na Mbarara

Kuku wanaoishi pamoja hawalingani. Kila mmoja anajua ni yupi anaweza kumdonoa bila kujibiwa, na ni yupi akisogea inambidi yeye apishe. Mpangilio huo wa kudonoana haumo ndani ya kuku mmoja mmoja. Umo kati yao, wawili wawili, na hudumu kwa sababu kila kuku huzikumbuka sura za wenzake. Aliyeueleza kitaalamu kwa mara ya kwanza ni Thorleif Schjelderup-Ebbe, Mnorwe aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye tangu utotoni alikuwa akiwatazama kuku wa kwao na kuandika daftarini nani kamdonoa nani. Makala yake ya mwaka 1922, iliyotoka kwa Kijerumani, iliwapa wasomi habari ambayo mama yeyote mwenye kuku uani alikuwa akiijua kwa macho.

Kazi ya mpangilio huo ni kupunguza ugomvi. Kuku wawili wasiojuana wakikutana hupimana, huinua manyoya ya shingo, hurukiana, na mmoja akikimbia shauri limekwisha. Tangu hapo aliyeshinda hahitaji kupigana tena. Huinua kichwa tu, na mwenzake hupisha. Penye kuku waliozoeana, asubuhi nzima inaweza kupita bila unyoya kung'oka. Panapoonekana damu, mara nyingi kuna mtu aliyebadilisha jambo: ameleta kuku, ameuza kuku, amepunguza chakula, au amehamisha banda. Nakivale ni mahali pazuri pa kuliona hilo, maana huko mambo hayo manne hutokea mwaka mzima.

Makazi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, takriban kilomita 60 kutoka Mbarara. Yalianzishwa mwaka 1958, yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959, na leo yana wakazi zaidi ya 100,000: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, wakiwa katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Familia inayosajiliwa hupewa kiwanja, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Ng'ombe anataka malisho na mbuzi anataka kamba na mtu wa kumwangalia, lakini kuku anaridhika na pembe ya ukuta wa nyuma. Ndiyo maana kwa watu wengi mfugo wa kwanza ni kuku. Banda ni la udongo na fito, paa ni kipande cha shitingi iliyochakaa, na pale wezi au kicheche wanapozidi, kuku hulala jikoni pamoja na masufuria. Katika nchi ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, kuku hana sifa kubwa. Hata hivyo sensa ya mifugo ya Uganda ya mwaka 2008 ilihesabu kuku milioni 37.4, na karibu tisa katika kila kumi walikuwa wa kienyeji.

Kundi moja lililofugwa miaka kadhaa upande wa Base Camp, katika nyumba ya watu waliotoka Kivu nchini Kongo, linatosha kwa mifano. Halikuzidi kuku kumi na tano na watoto wa nyumba waliwapa karibu wote majina. Wa juu aliitwa Mama Mukubwa, koo mweusi mwenye undu uliochanika ncha. Chini yake kulikuwa na Kishingo, mwenye shingo isiyo na manyoya. Karanga, wa rangi ya udongo. Mwizi, mwembamba na mwepesi wa kuruka. Na mwishoni kabisa Bubu, ambaye hata baada ya kutaga alitoka kiotani kimya, wakati wenzake wakitetea mpaka majirani wakajua kuna yai.

Asubuhi pumba na chenga za mahindi zilimwagwa juu ya bati kuukuu. Wa kwanza kufika alikuwa Mwizi, kila siku. Mama Mukubwa alifika wa mwisho, akitembea. Hakudonoa mtu. Alisimama pembeni, akanyoosha shingo, na duara likafunguka upande wake. Akala katikati, akachagua chenga kubwa, kisha akaondoka kabla chakula hakijaisha kwenda kuoga mavumbi chini ya mgomba. Hapo ndipo madonoano ya kweli yalipoanza, baina ya wa kati. Hili huonekana katika makundi mengi: wa juu kabisa ana adabu, wa chini kabisa anakwepa, na vurugu iko kwa wale wanaokaribiana cheo.

Safu hiyo haikunyooka. Mwizi alimfukuza Kishingo, Kishingo akamfukuza Karanga, na Karanga akamfukuza Mwizi. Pembetatu za namna hiyo Schjelderup-Ebbe naye alizikuta. Chanzo chake ni kwamba kila jozi ina historia yake: kuku aliyeshindwa siku alipokuwa akinyonyoka manyoya, au alipokuwa na jeraha, hubaki chini ya yule aliyemshinda siku ile hata akipata nguvu baadaye. Nguvu ni sehemu moja tu ya mambo. Umri, ukubwa na wekundu wa undu, na nani alitangulia kufika uani, yote yana uzito. Katika nyumba hii aliletwa pia Kuroiler, kuku wa asili ya India aliyeingizwa Uganda mwaka 2010 kwa ajili ya wafugaji wa vijijini. Alikuwa na mwili mkubwa kuliko wote, lakini uzito haukumsaidia. Kwa kuwa alikuja nyuma, aliwapisha Kishingo na Karanga mpaka alipouzwa.

Tabia na cheo ni mambo mawili, na wafugaji wengi huyachanganya. Mwizi aliingia jikoni, akanyakua ugali mkononi mwa mtoto, akapanda meza, akafukuzwa na ufagio, akarudi. Mtu asiyewajua kuku angesema huyo ndiye mkubwa wao. Mbele ya kuku wenzake alikuwa wa kati, tena wa kati chini. Ujasiri wake ulitokana na hesabu nyingine: kuku anayepishwa na wachache hutafuta chakula mahali ambapo wakubwa hawajafika, na jikoni ni mahali hapo. Mama Mukubwa hakuwahi kukanyaga kizingiti, hakuwa na haja. Kwa upande mwingine, Bubu, wa mwisho katika yote, ndiye aliyekubali kushikwa na watoto na kulala mapajani mwao. Hiyo pia ni njia ya kukaa mbali na midomo ya wengine.

Kiota ni uwanja wa pili wa cheo. Mwenye banda huweka viota vitatu, mitetea hutaka kimoja. Katika nyumba hii kilichopendwa ni beseni lililopasuka nyuma ya mlango, lenye majani makavu na giza la kutosha. Mkubwa alipokuwa ndani, wengine walisubiri wakizungukazunguka na kulalamika, na mara nyingine wawili walijibana humo pamoja. Bubu aligeuziwa mgongo mara nyingi hata akaanza kutaga shambani, kwenye maharage ya jirani. Mwenye kuku anayesema mtetea wake ameacha kutaga angefaa kuchunguza kwanza cheo chake na vichaka vilivyo karibu.

Jogoo hayumo katika orodha ya mitetea. Majogoo wana ngazi yao, na mitetea wana yao. Anapoona funza au punje nzuri, jogoo huita kwa sauti fupi za haraka, akiinua chakula kwa mdomo na kukidondosha, hadi mtetea aje ale. Watafiti wameonyesha kwamba pengine huita hata pasipo na kitu cha kula, hasa mtetea akiwa mbali kiasi cha kutoweza kuhakikisha. Jogoo wa chini naye ana ujanja wake: mkubwa akiwa karibu, yeye hufanya zile ishara za kichwa bila kutoa sauti, amvute mtetea pasipo kujulikana. Kuwika nako kuna zamu. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2015 kwamba alfajiri jogoo wa juu ndiye anayeanza, na wengine hufuata kwa vyeo vyao. Katika vijiji vya Nakivale, ambako ua wa mtu mmoja unagusana na wa mwingine, ni vigumu kusikia zamu hiyo, maana majogoo wa nyumba nyingi hujibizana kwa wakati mmoja. Lakini ndani ya banda moja lenye majogoo wawili inasikika vizuri.

Jogoo wa nyumba hii alipouzwa, Mama Mukubwa aliwika. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, fupi, lakini haikuwa na shaka. Baadhi ya majirani walishauri achinjwe, kwa kuwa katika jamii nyingi za eneo hili kuku jike anayewika huleta mkosi. Maelezo ya kibaiolojia ni ya kawaida tu. Kuku jike hutumia ovari moja, ya kushoto. Ikiharibika, homoni hubadilika na mwili huweza kuota alama za kidume. Isitoshe, mtetea wa cheo cha juu asiye na jogoo pengine huwika bila ugonjwa wowote. Huyu hakuchinjwa, na jogoo mpya alipoletwa akanyamaza, akaendelea kutaga.

Sehemu ngumu ya ufugaji wa uani ni mgeni. Waswahili wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Nakivale methali hiyo hutekelezwa kama ilivyo: kuku aliyenunuliwa hufungwa kwenye kigingi siku kadhaa, kwa sababu akiachwa hurudi kwa aliyemuuza, au hupotelea katikati ya nyumba zinazofanana. Kamba inafanya kazi hiyo vizuri. Tatizo lake ni kwamba inamnyima mgeni kinga pekee aliyo nayo, yaani kukimbia. Kuku aliyeshindwa anaposhindwa kujitoa mbele ya mshindi, mshindi haoni ishara ya kushindwa, na huendelea kudonoa, hasa nyuma ya kichwa na kwenye undu. Damu ikionekana, hata Bubu hujiunga. Tenga lililofunikwa juu ya mgeni ni bora kuliko kamba: anaonana na wenyeji, anazoea mlio na harufu ya mahali, hatoroki, na hakuna mdomo unaomfikia. Baada ya siku hizo hutolewa usiku na kuwekwa kwenye kichanja katikati ya wengine, maana kuku haoni gizani wala hagombani. Asubuhi vita huwepo, lakini huwa vifupi.

Kuku hutambuana zaidi kwa kichwa na shingo. Schjelderup-Ebbe na waliomfuata waliona kwamba kuku aliyebadilishwa umbo au rangi ya undu hupokewa kama mgeni. Nakivale hilo lilijitokeza bila jaribio. Karanga alipata ndui ya kuku, akapakwa dawa ya zambarau kichwani, na aliporudishwa kundini Kishingo, aliyekuwa akimtawala kwa amani miezi mingi, alimrukia kama kuku wa njia. Rangi ilipofifia, ugomvi ukaisha. Kutengwa kwa muda nako kuna athari kama hiyo: kuku aliyekaa peke yake wiki mbili tatu anaweza kukuta amesahauliwa, na kuanza upya.

Koo anayeatamia ndiye mfano wa wazi. Kwa siku 21 hushuka kiotani mara moja hivi kwa siku, akala kwa pupa, akanywa, akarudi. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mzunguko mmoja kisha huyalalia, na kipindi hicho humtoa katika siasa za ua. Akitoka na vifaranga amebadilika kabisa. Karanga, ambaye kabla ya hapo alimpisha Mama Mukubwa bila swali, alimkimbiza mbele ya watu wote. Koo mwenye vifaranga humkimbiza pia mbwa, paka na mtoto. Mwewe wanaozunguka juu ya makazi huifanya hali hiyo kuwa ya lazima, na kuku wana mlio mmoja wa hatari ya angani na mwingine wa hatari ya ardhini: kwa wa kwanza vifaranga hujibanza bila kutikisika, kwa wa pili wakubwa husimama wima na kupiga kelele. Vifaranga wakishaachwa, koo hurudi kwenye nafasi yake ya zamani, au chini yake. Vifaranga wenyewe huanza kupangana wakiwa na wiki chache, kwanza kwa mchezo, kisha kweli.

Kinachovuruga mpangilio huu kuliko mwewe wote ni karo. Mwaka wa shule wa Uganda una mihula mitatu, na kila unapokaribia muhula mchuuzi wa kuku hupita na baiskeli au boda boda, tenga nyuma, akipima kuku kwa mkono. Huchagua mzito, mwenye undu mwekundu na manyoya yanayong'aa. Kwa maneno mengine, huchagua wa juu. Mauzo yameongezeka na masalia ya chakula yamepungua tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa msaada wake nchini Uganda kwa kuzipanga familia kwa uhitaji. Mama Mukubwa aliondoka hivyo, miguu imefungwa, kichwa chini, kuelekea Mbarara. Siku zilizofuata uani hapakukalika. Kishingo na Karanga waligombea beseni na bati, mayai yakapungua, Mwizi akapanda ngazi ambayo hakuwa ameigusa. Mwenye nyumba anayehesabu bei ya kuku huyo peke yake huacha nje ya hesabu mayai ya kundi zima katika juma la vurugu. Pale inapowezekana, ni afadhali kuuza wa kati, na kuacha wa juu na koo wazuri.

Wa chini naye ana hesabu yake. Hula mwisho, kwa hiyo wakati wa kiangazi, Isingiro inapokauka na wadudu kuadimika, yeye ndiye wa kwanza kukonda. Husimama pembeni, manyoya yamefura, amefumba macho nusu. Hiyo pia ni sura ya kuku mgonjwa, na hapo mfugaji hukosea pande zote mbili: humdhania mgonjwa aliyenyanyaswa tu, au hudhani amenyanyaswa kumbe ni kideri. Njia rahisi ni kumtenga na kumwekea chakula. Aliyenyanyaswa hula kwa pupa palepale. Mwenye kideri hali, huhara kijani, huhema kwa shida, na siku chache baadaye shingo hupinda. Kideri, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1926 huko Java na Newcastle upon Tyne, hauna tiba, na huweza kumaliza banda zima. Kuna chanjo inayostahimili joto, itolewayo kwa tone la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa mtu asiye na friji hiyo ndiyo ya kuulizia kwenye maduka ya dawa za mifugo ya Mbarara. Dhidi ya njaa ya cheo, dawa ni chombo cha pili cha chakula, kiwekwe mbali, nyuma ya kitu kinachozuia macho. Mkubwa hawezi kulinda mahali pawili.

Majirani wamo katika mpangilio pia, ingawa vitabu huwataja mara chache. Viwanja ni vidogo, na kuku anayekwepa wenzake ndiye anayevuka mpaka. Mtama na mahindi yaliyoanikwa huliwa, miche ya maharage huchakurwa, na malalamiko hufika kwa mwenyekiti wa kijiji. Kitambaa cha rangi kilichofungwa kwenye bawa humwonyesha mwenye kuku, jambo linalosaidia kuku akipotea na linalomponza akikamatwa shambani. Aghalabu anayekamatwa ni yule yule wa chini.

Mbarara, iliyopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, inaonyesha upande mwingine. Huko, pembezoni mwa Kakoba na Nyamitanga, wapo wanaofuga kuku wa mayai mia kadhaa ndani ya banda moja lenye maranda, kwa ajili ya maduka na vibanda vya roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Kuku anaweza kuwajua wenzake makumi kadhaa. Mia kadhaa hawezi. Katika kundi kubwa kama hilo ngazi ya mtu kwa mtu hupotea, na kuku huvumiliana au huhukumiana kwa ukubwa wa undu tu. Ubaya wa banda la jiji ni wa aina tofauti: kung'oana manyoya, kunakotokana na msongamano, mwanga mkali, uchovu wa kukosa cha kuchakura, au upungufu wa protini na chumvi. Wafugaji huukabili kwa kukata ncha za midomo, jambo linaloumiza kuku na lisilogusa chanzo. Kuning'iniza majani ya kabichi na kupunguza idadi husaidia zaidi. Anayetoka Nakivale na kuku kumi kwenda kufuga mia tatu mjini asidhani anaongeza idadi tu; anaingia kwenye ufugaji wa aina nyingine.

Kwa mwenye ua mdogo, ushauri ni mfupi. Anayekwenda sokoni kuongeza kundi asinunue kuku mmoja. Achukue tembe wawili waliokua pamoja, wawe wamechanjwa, awakalishe chini ya tenga mbali kidogo na wengine kwa wiki mbili ajiridhishe kuwa hawana ugonjwa, kisha awasogeze karibu na wenyeji, na siku ya kuwapandisha kichanjani usiku awe tayari ameweka bati la pili la pumba upande wa pili wa nyumba.